Chumba cha Sayansi Kimu na Jiwe la Magadi

Kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka natamani ningekuwa nimeumwa koo, nisiweze kusema hata neno. Ilikuwa siku ya kikao cha walimu katika shule ya sekondari kule Kikwe. Nilikuwa kijana wa umri wako, mwalimu wa kemia, na juu ya hapo mwalimu wa taaluma, yaani mpanga ratiba na mgawa vyumba. Nilisimama mbele ya wenzangu nikatoa utani uliowafanya wacheke mpaka wengine wakafuta machozi. Utani wenyewe nitakuambia. Kwanza nikueleze kwa nini nimeshika kalamu.

Jumapili iliyopita, mwanangu Elibariki, ulikuja kunisalimu hapa Kijenge. Sasa wewe ni mwalimu wa fizikia, umepewa taaluma, na baba yako, mdogo wangu, anatembea kifua mbele mtaa mzima. Nami nilifurahi, sikufichi. Dada yako Upendo akakuletea chai na maandazi, ukala, ukaanza kunisimulia mipango yako. Ukasema shuleni kwenu kuna chumba cha Sayansi Kimu kina majiko na vyerehani, na unataka vitolewe ili uweke kompyuta. Ukasema, "Baba mkubwa, kupika si mtu anajifunza kwao? Pale wanakwenda vilaza tu." Mimi nikanyamaza, ukadhani nimesinzia. Sikusinzia, mwanangu. Nilikuwa naisikia sauti yangu mwenyewe ya zamani ikitoka kinywani mwako.

Usitishike, sikuandikii kukugombeza. Na nikutoe wasiwasi mapema: haya ninayokusimulia yaliisha vizuri. Yangeisha vingine, nisingekuwa na ubavu wa kuyaandika.

Unajua kwetu ni juu mlimani, kwenye kahawa na migomba, ambako maji yanatoka kwenye chemchemi yakiwa baridi mpaka meno yanauma. Nilipopangiwa Kikwe nilishuka kule bondeni na mke wangu, mama yako mkubwa, Mungu amlaze pema. Tukapewa nyumba ya mwalimu karibu na uwanja wa shule. Upendo alizaliwa mwaka uliofuata. Maji ya kisima cha pale yalikuwa na ladha nzito kidogo, lakini mimi nilikuwa mtu wa sayansi. Niliagiza yachemshwe kila siku, tena kwa muda mrefu, na nilijisifu kwa wageni kwamba mtoto wangu hajui kuumwa tumbo.

Shuleni pale tulikuwa na mwalimu wa Sayansi Kimu, Mwalimu Ndeanka, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini. Chumba chake kilinukia vitunguu na nguo zilizopigwa pasi. Ukutani alibandika karatasi za manila alizochora kwa mkono wake: mboga za majani, namna ya kunawa, mtoto wa miezi sita anavyolishwa. Wanafunzi wake walikuwa wachache. Na nikuambie ukweli jinsi walivyopatikana: nilikuwa nawapeleka mimi. Msichana akifeli hesabu, nampeleka kwa Ndeanka. Mwenye akili hata akiomba kwenda huko, namkatalia, namwambia asijipotezee maisha.

Wala sikuwa peke yangu. Walimu wote tuliliona lile somo hivyo. Mkuu wa shule, mzee mzuri tu, alisema wasichana watajifunza mapishi kwa mama zao. Mwalimu wa historia alikuwa akipita dirishani kwake anaita, "Mama, chakula tayari?" Wakija wakaguzi ndipo tulipomkumbuka Mwalimu Ndeanka, kwa sababu ni yeye aliyewapikia. Wakishakula, wanamshukuru kwa pilau, wanakwenda kukagua masomo yetu.

Basi katika kikao kile nilisimama kuomba chumba chake. Maabara yangu ilikuwa finyu, na nilitaka cha kwake kiwe maabara ya pili. Nikasema, "Ndugu walimu, tuna Fizikia, tuna Kemia, tuna Biolojia. Hii nyingine, kusema kweli, ni Sayansi Kima." Ndio huo utani wangu. Kima ni nyama ya kusaga, na kima ni yule mnyama wa msituni anayetuibia mahindi, kwa hiyo kila mtu alichagua maana yake akacheka. Mkuu wa shule alificha uso nyuma ya faili.

Mwalimu Ndeanka alingoja kicheko kiishe. Kisha akaniuliza, bila kusimama, "Mwalimu, ulipopangiwa kituo hapa, ulipewa fedha za nini?"

Nikasema, "Za kujikimu."

"Uliziita fedha za kujikima?"

Hakuna aliyecheka. Akasema taratibu kwamba kukimu ni kumtimizia mtu mahitaji yake ili aishi, na kwamba yeye anafundisha sayansi ya watu kuishi, kama sisi tuna nyingine iliyo bora tumwoneshe. Kisha akafunga daftari lake. Wengine waliangalia chini. Lakini kura ilipopigwa, nikapewa chumba.

Wiki ile ile niliwatuma wanafunzi watoe majiko. Mwalimu Ndeanka alihamishiwa kwenye vipindi vya Kiswahili, na sufuria zake akazibeba kwenda kuzihifadhi kwake. Zile manila zake nilizibandua mwenyewe. Karatasi nzuri, ngumu, na shule haikuwa na nyingine. Kubwa kuliko zote niliigeuza, na nyuma yake, palipokuwa peupe, nikachora jedwali la elementi. Nilifanya kazi ile siku mbili. Mwandiko wangu unaujua. Haidrojeni kule pembeni, heliamu upande wa pili, na florini, namba tisa, nikaipaka rangi ya kijani. Niliitundika ukutani kwa misumari minne nikasimama kuitazama, nikajiona nimefika.

Sasa ngoja nikuambie habari ya magadi.

Wewe umekulia mjini, huenda umeyaona tu sokoni. Ni mawe ya chumvichumvi, meupe yenye vumbi, ambayo mama zetu huyatia kwenye maharage na makande makavu ili yalainike upesi. Kiburu cha mama yangu, zile ndizi zilizopikwa na maharage, bila magadi hakikuwa kiburu. Mimi mwenyewe, kila nikienda mjini kwa shughuli za shule, nilikuwa napitia soko la Kwa Mrombo kununua jiwe moja kubwa. Nikifika Kikwe nalipasua. Nusu nampa mke wangu jikoni, nusu napeleka maabara. Darasani nilikuwa nalimwagia asidi, linatoa mapovu, wanafunzi wanashangilia, naandika ubaoni: kaboneti. Niliijua fomula yake, niliweza kukuambia linatoa gesi gani. Kwamba ile nusu nyingine ilikuwa inaingia tumboni kwa mwanangu kila siku, hilo halikuwahi kunijia kichwani kama ni jambo la sayansi.

Upendo alipokaribia miaka mitatu, mke wangu akawa anamtazama sana akitembea. Asubuhi moja akaniita. "Baba Upendo, hebu msimamishe mtoto."

Nikamsimamisha. Vifundo vya miguu viligusana, magoti hayakugusana. Katikati ya magoti ningeweza kupitisha vidole vinne.

Mwanangu, niliogopa. Kule Kikwe nilikuwa nimewaona watu wazima wenye matege makubwa, wanaotembea kwa kuyumba, na wanafunzi wawili watatu waliochekwa kwa ajili hiyo. Katika mawazo nilimwona mwanangu akiwa msichana wa shule, nikawaona watoto wengine wanamwigiza anavyotembea. Niliingia chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu vya kazini, nikashindwa kuvua.

Kila mtu akaleta lake. Mama mkwe alisema mtoto alibebwa mgongoni vibaya. Jirani akashauri afukiwe miguu kwenye mchanga wa moto mpaka magotini, na siku moja nikakuta shimo limeshachimbwa nyuma ya nyumba. Nililifukia kwa hasira. Lakini mimi niliyelifukia nilikuwa na nini cha kuweka mahali pake? Nilifungua vitabu vyangu vya chuo kimoja baada ya kingine. Vilinieleza habari za kalisiamu, namba yake na uzito wake.

Ilikuwa kiangazi, na upepo wa Kikwe wakati wa kiangazi unaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa nafundisha kidato cha pili katika kile chumba nilichokinyang'anya. Upepo ukapiga dirisha, ukang'oa misumari miwili, na jedwali langu likageuka likaning'inia nyuma mbele. Nikageuka kutazama.

Ulikuwa mchoro wa Mwalimu Ndeanka. Aliuchora kwa ajili ya siku ya wazazi, na niliupindua bila hata kuusoma. Kulikuwa na chungu jikoni, pembeni yake jiwe la magadi limekatwa kwa mistari miwili myekundu. Chini yake mtoto mdogo amesimama, magoti yameachana. Na maandishi makubwa: MAGADI YANA FLORAIDI NYINGI. MAJI YA VISIMA VYETU PIA. HUPINDISHA MIFUPA YA MTOTO. LOWEKA MAHARAGE USIKU KUCHA, ACHA MAGADI.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, ambaye wala hakuwa na ubaya, akasema polepole, "Mwalimu, huyo ni kama Upendo."

Niliwaruhusu watoke kabla ya kengele. Nilibaki peke yangu na ile karatasi. Upande mmoja florini ya kijani, namba tisa, kwa mwandiko wangu mzuri. Upande wa pili kile ambacho florini ilikuwa inamfanyia mwanangu. Nililia, mwanangu, na sioni aibu kukuambia.

Nilimkuta Mwalimu Ndeanka nyumbani kwake anachambua mchicha. Nilikuwa nimeikunja ile manila kwapani. "Shikamoo, mwalimu," nikasema. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwamkia vizuri, maana kabla ya hapo nilikuwa napita nikisema "habari" kama namwambia mwenzangu.

"Marahaba. Karibu."

Nilijiandaa kusimangwa. Nilistahili. Nikamwambia habari ya magoti ya mtoto. Akaweka mchicha chini. "Maji mnayafanyaje?"

"Tunachemsha. Tunachemsha sana."

"Kuchemsha kunaua wadudu, mwalimu. Madini hayafi. Ukichemsha sana maji yanapungua, madini yanabaki palepale." Akajifuta mikono. "Twende jikoni kwenu."

Pale jikoni mke wangu alikuwa na chungu cha makande mekoni. Mwalimu Ndeanka hakumlaumu hata kidogo. Alichutama naye kama dada, akamwuliza anatia jiwe kiasi gani, akamwonesha kulowesha maharage na mahindi tangu jioni, kumwaga maji yale na kupikia mengine. Maji ya mtoto, akasema, yawe ya mvua kama tuna pipa, au yaletwe kutoka chemchemi za juu. Mtoto apewe maziwa kila siku, dagaa wasagwe kwenye uji, na acheze juani asubuhi. Kisha akanigeukia. "Na kesho mpeleke hospitali. Mimi ni mwalimu, si daktari."

Daktari wa mjini alimpapasa Upendo miguu, akampiga picha, akaniuliza maswali yale yale niliyoulizwa mekoni. Nikamjibu. Akaniuliza nani amenielekeza. Nikasema ni mwalimu mwenzangu wa Sayansi Kimu. Akasema, "Mmewahi. Mifupa bado michanga, na mmeshaanza kufanya ninachotaka kuwaambia. Endeleeni." Nilitoka pale nikamnunulia mtoto ndizi, nikanunua za watu wote waliokuwa kwenye benchi la kusubiri. Walidhani nimechanganyikiwa.

Basi ikawa kila Jumapili kabla ya ibada tunamsimamisha Upendo mezani, mke wangu anashika vifundo vya miguu, mimi natia vidole. Vinne. Miezi ikapita, bado vinne. Halafu vitatu na nusu, tukabishana kama nimebana mkono. Halafu vitatu kweli. Maji nilikuwa nayafuata juu mlimani kwa baiskeli, madumu mawili, na kule kwetu walinicheka kwamba nimekwenda bondeni kufundisha nimekuwa mchota maji. Nilicheka nao. Kicheko kile hakikunigusa.

Sasa nikuambie sehemu inayoniuma zaidi. Miezi yote hiyo, chumba nilikuwa nacho bado. Mwalimu Ndeanka alikuwa anakuja kwetu kumtazama mtoto, anakunywa chai yetu, hakutaja chumba hata siku moja. Nami nilijifanya nimesahau. Niliogopa kicheko cha wenzangu. Ni mke wangu aliyenifungua macho, siku vidole vilipofika viwili. Alisema, "Baba Upendo, mtoto anapona kwa somo ulilolifukuza. Chumba cha watu unakirudisha lini?"

Nilisimama tena kwenye kikao. Niliwasimulia yote, jiwe, karatasi na vidole. Nikaiweka ile manila mezani, nikaigeuza mbele nyuma, wakaona. Mwalimu wa historia alijaribu utani, akasema kima amemng'ata mwalimu wa kemia. Nikamjibu, "Ni kweli, na ningeomba akung'ate na wewe, maana mwanao pia anakunywa maji ya kisima kile." Aliacha kutabasamu. Jioni ile alikuja kwangu na mtoto wake mkononi, nikamwelekeza nyumba ya Mwalimu Ndeanka.

Majiko yalirudi. Safari hii sikumpelekea waliofeli hesabu. Nilimpelekea walioomba, wenye akili na wenye akili zaidi, na wavulana watatu ambao baba zao walikuja kunigombeza. Kila muhula darasa langu la kemia lilikwenda kwake kujifunza maji na magadi, yeye anafundisha, mimi nimekaa nyuma na daftari. Hapo ndipo nilipokuwa mwalimu, mwanangu. Kabla ya hapo nilikuwa mtu mwenye mwandiko mzuri.

Basi shika haya ninayokuambia. Usilipime somo kwa alama za walioletwa kulisoma, maana huenda ni wewe uliyewachagua. Usicheke kazi ya mwalimu mwenzako kwenye kikao, kwa sababu wanafunzi hucheka kile mnachocheka ninyi, na kisha huenda nyumbani bila kujua kitu. Siku hizi mnaambiwa masomo ya amali yana thamani, mnaitikia, lakini nakuambia haitoshi kuitikia mbele ya wakubwa kisha ukamtafuta mwenye sufuria pale tu wageni wanapokuja. Kabla hujakigusa kile chumba, nenda ukakae humo vipindi vitatu, umsikilize mwalimu wake. Soma kilichoandikwa ukutani mwake. Kompyuta zitafutie mahali pengine, nami nitakuja kukusaidia kumwomba mkuu wako, kwa fimbo yangu hii.

Na jambo moja la mwisho. Umemfahamu dada yako Upendo maisha yako yote. Alikubeba, alikukimbiza hadi sokoni na kurudi ulipoiba sukari, Jumapili alikuletea chai akiwa amesimama mbele yako. Meno yake yana ile rangi ya kahawia iletwayo na maji ya kule, hilo hatukuliwahi, naye hulicheka mwenyewe. Lakini miguu yake hujawahi kuniuliza habari zake, kwa sababu hakuna cha kuuliza. Ni miguu tu. Mimi kila akipita mlangoni huitazama, na moyo wangu hutulia, mpaka leo.

Mungu akubariki katika kazi yako, mwanangu. Akupe mwenzako mmoja mwenye sauti ya chini, na akupe sikio la kumsikia mapema kuliko nilivyomsikia mimi. Wanafunzi wako washibe, na wa kwako utakaowazaa wasimame wima.